CCRL, CEGT au SSDF: tuamini orodha ipi tukilinganisha programu za sataranji?

Farasi_Mweusi: Wakuu, heshima kwenu. Natafuta programu ya kuchambulia michezo yangu. Nimekuta orodha tatu zinazopanga programu kwa viwango, CCRL, CEGT na SSDF, na programu ileile ina namba tofauti kila mahali. Nani mkweli? Halafu, bingwa Magnus Carlsen kileleni alifika kiwango cha 2882, programu ya Stockfish imepita 3600 kwenye CCRL. Ina maana inamzidi kwa alama 700 na ushee?

Ngome_Kuu: Wote wakweli, kila mmoja kwenye uwanja wake. Elo, yaani mfumo wa namba hizi za viwango, inatabiri matokeo kati ya waliokutana tu. Anayekuzidi alama 100 anatarajiwa kupata pointi kama 64 katika michezo 100. Akikuzidi 200, pointi 76 hivi. Namba ya kuanzia huamuliwa na wenye orodha. Mwaka 2000 SSDF, chama cha Sweden, waliishusha orodha yao nzima kwa alama 100 kwa sababu ilikuwa imepaa mno ikilinganishwa na viwango vya binadamu. Hakuna programu iliyodhoofika siku hiyo! Sasa Carlsen hachezi kwenye CCRL, kwa hiyo hiyo hesabu yako ya 3600 kutoa 2882 haina jibu. Stockfish inamshinda, hilo halina ubishi, lakini kwa alama ngapi orodha hizi haziwezi kusema.

Kete64: Naongezea muda. Orodha kuu ya CCRL ni hatua 40 kwa dakika 15, ya haraka ni dakika 2 na sekunde 1 kwa kila hatua. SSDF ni hatua 40 kwa saa 2. Muda ukirefuka sare huongezeka, na sare zikiongezeka walio juu hubanana. Wewe unachambua, unaiacha mashine ifikirie. Achana na orodha ya haraka.

Sare_Tupu: Mbona hamtaji safu ya + na −, inayoonyesha kiwango kinaweza kukosea kwa alama ngapi? Ndiyo ya kwanza kuangalia. Programu yenye michezo 100 tu inaweza kuyumba alama 50 juu au chini, na ukitaka kupunguza shaka hiyo nusu, unahitaji michezo mara nne. Watu wanagombana nani wa kwanza nani wa tatu wakati wanatofautiana alama 8. Kelele tupu.

Farasi_Mweusi: Na TCEC je, yale mashindano ya programu? Si ndiyo inatoa bingwa?

Sare_Tupu: Bingwa ndiyo, kipimo hapana. Fainali yake ni michezo 100, na funguzi (hatua za mwanzo za mchezo) huchaguliwa makusudi ziwe na upande mmoja uliobanwa, kila programu ikicheza pande zote mbili. Bila hivyo ni sare mfululizo. Raha kutazama, mkuu, ila usiipime nayo programu ya kwako.

Ngome_Kuu: Angalia pia vifaa. Lc0, programu nyingine kali, inategemea kadi ya grafiki, Stockfish inategemea prosesa. Kuziweka sawa ni uamuzi wa mtu, wala si hesabu. Na usilinganishe iliyopimwa kwa kiini kimoja cha prosesa na iliyopewa vinne.

Farasi_Mweusi: Kompyuta yangu haina kadi ya maana.

Kete64: Basi Lc0 iweke kando. Chukua Stockfish, toleo la 12 la mwaka 2020 au jipya zaidi, maana hapo ndipo ulipoingia NNUE, mtandao wa neva unaoipima hali ya mchezo. Ni bure. Chini yake ukitaka mtazamo wa pili, chagua yoyote kati ya kumi za juu za CCRL.

Sare_Tupu: Yoyote yenye michezo mingi.