Waifai haipo kabisa kwenye Linux Mint: niweke toleo jipya, ninunue kidude cha USB, niweke kadi ya Intel au nivute waya?

BintiNgamiani (mwenye mada)

Wagosi na dada zangu wa Tanga, habari za jioni.

Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia vijana maombi ya chuo. Mwezi uliopita nilinunua laptopu ya HP ya mtumba, ikaja na mfumo wa Linux Mint 20 ndani yake badala ya Windows. Printa inakwenda, LibreOffice inakwenda, spika zinakwenda. Waifai ndiyo haipo. Sisemi inakataa nywila, haipo kabisa. Haioni mtandao hata mmoja, wakati simu yangu palepale mezani inaona ruta yetu, ya jirani, na ya yule kijana wa vocha ng'ambo ya barabara.

Ruta iko ukumbini nyuma ya duka, kama hatua ishirini, katikati kuna kuta mbili za nyumba ya zamani. Zile nene, mnazijua.

Nimeuliza watu watatu nikapata majibu manne. Wa kwanza: futa kila kitu, weka toleo jipya. Wa pili: nunua kile kidude cha USB kama flashi. Wa tatu kasema kadi ya waifai ya ndani ing'olewe iwekwe ya Intel, halafu akakuna kichwa akasema, au vuta waya tu. Sasa nifuate la nani? Naomba mnilinganishie, mkikumbuka kwamba pesa ya duka ndiyo pesa ya nyumbani.

MzeeWaBando

Rudisha Windows, dada. Linux ina wenyewe.

FundiChuda

BintiNgamiani, usinunue chochote bado, utauziwa mbuzi kwenye gunia. Hatujui hata hiyo kadi ni ipi. HP ya mfano uleule mmoja inaweza kuja na Intel, Realtek au Broadcom, kila moja na tabia zake. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

`lspci -nnk | grep -iA3 net`

Kisha `uname -r`, itataja toleo la kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa. Tuletee yote kama yalivyo. Na jaribu pia `rfkill list`, inaonyesha kama waifai imezimwa kwa kitufe, maana nimewahi kupanda bajaji mpaka Makorora kwa kazi ya "waifai imekufa" nikakuta mtoto kabonyeza kitufe cha ndege.

BintiNgamiani

Shukrani fundi. rfkill inasema "no" kote. Ile nyingine imeleta mbili: moja ya waya, na chini yake Realtek RTL8821CE, pembeni [10ec:c821]. Ile ya waya ina mstari wa "Kernel driver in use", hii ya Realtek haina. uname inasema 5.4.

MwalimuMuheza

Basi tatizo limeshajitaja lenyewe. Kadi yako nzima, dada. Kerneli yako tu haijawahi kukutana nayo. Mint 20 ilitoka katikati ya 2020 ikiwa na kerneli 5.4, na RTL8821CE ilianza kutambuliwa ndani ya kerneli kuanzia 5.9, miezi michache baadaye. Huo mstari unaokosekana maana yake hakuna draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, iliyoishika kadi. Ya waya inayo, ndiyo maana nayo ingefanya kazi leo hii ukichomeka.

Hapo una njia mbili ambazo hazikugharimu shilingi zaidi ya bando, na wale watu watatu hawakukutajia hata moja.

Ya kwanza ni kuweka draiva ya pembeni, pakiti inaitwa `rtl8821ce-dkms`. Inafanya kazi, nimeitumia. Ila inajijenga upya kila kerneli inaposasishwa. Siku ikishindwa kujijenga, unaamka asubuhi waifai hakuna na wateja wamesimama mlangoni. Tena kama Secure Boot (kinga inayokataa programu zisizosainiwa) imewashwa, draiva hiyo haipakiwi mpaka usajili ufunguo wake kwenye ile skrini ya bluu inayotokea mashine ikiwaka. Watu wengi wanaipita skrini hiyo bila kusoma, halafu wanasema Linux mbovu.

Ya pili, na ndiyo ninayokushauri: panda kerneli 5.15 bila kugusa kitu kingine. Mint 20 inairuhusu. Mafaili yako, printa yako, vyote vinabaki. Washa intaneti ya simu kwa waya wa USB, kisha:

`sudo apt update`
`sudo apt install linux-generic-hwe-20.04 linux-firmware`

Zima, washa, tazama. Ni MB mia kadhaa, ukilinganisha na karibu GB 3 za kupakua toleo jipya zima. Na kerneli ya zamani haifutwi. Mambo yakiharibika, unaichagua kwenye menyu ya kuwashia mashine unarudi ulikotoka.

PwaniPangani

Mimi niliparamia kidude cha USB, nikajuta wiki moja. Nimechomeka, Linux ikaniambia nimeweka CD! Kumbe vingine vina hifadhi ndogo ndani yenye draiva ya Windows, vinajitambulisha kama CD kwanza, mpaka programu ya `usb_modeswitch` ivibadilishe tabia. Na boksi limeandikwa "Linux" kwa herufi kubwa kabisa.

Kama utanunua, usiulize "kinafanya kazi Linux?" Muuzaji atasema ndiyo, yeye anauza. Uliza chipu. Zenye MT7610U au MT7612U ya MediaTek draiva yake imo ndani ya kerneli tangu 4.19, unachomeka unaendelea na kazi. Zile ndogo kama kucha, za Realtek, ni bahati nasibu. Halafu antena ya ukubwa wa kucha kwenye kuta zetu hizi, hata draiva iwe nzuri vipi, inasikia nini?

FundiChuda

Mwalimu, sikupingi kwenye kerneli, aanze na hiyo. Ila usimpe dada matumaini ya mbinguni. RTL8821CE ni kadi ya antena moja. Draiva ikikaa vizuri, bado kuna kuta mbili za mawe. Mimi wateja wangu nawabadilishia kadi naweka Intel, kazi ya dakika kumi na bisibisi, na wengi hawajarudi kulalamika.

MwalimuMuheza

Wengi, siyo wote. Sema na wale waliorudi.

FundiChuda

Haya, nasema. Mitego ni mitatu. Kwanza, kadi za Intel za AX200 na AX201 ukiziweka mezani ni mapacha, lakini AX201 inafanya kazi kwenye mashine yenye prosesa ya Intel iliyoandaliwa kwa ajili yake tu, kwa sababu sehemu ya ubongo wake iko kwenye ubao mkuu. Ukiichomeka kwenye mashine yenye prosesa ya AMD ni urembo. Mteja mmoja alijinunulia mwenyewe AX201 mtandaoni, mpaka leo iko kwenye droo yangu. Pili, HP na Lenovo za zamani zina BIOS (programu ya kuwashia mashine) inayokataa kadi isiyo kwenye orodha yake, mashine haiwaki mpaka uitoe. Tatu, na hili linamhusu dada: laptopu iliyotoka kiwandani na kadi ya antena moja mara nyingine ina waya mmoja tu wa antena ndani. Kadi ya Intel inataka miwili. Utalipa kadi nzima utumie nusu.

Kwa hiyo ndiyo, hata mimi namwambia asubiri.

BahariaChumbageni

Nasoma tangu juu nashangaa. Mashine iko juu ya kaunta, haihami. Ruta iko ukumbini, haihami. Hatua ishirini. Vitu viwili visivyohama, mnaviunganisha kwa hewa kwa nini? Waya wa mtandao unakwenda hadi mita 100. Mwalimu kasema mwenyewe kadi ya waya inafanya kazi tayari. Haijui ukuta, haijui jirani kaweka ruta mpya, haijui kerneli.

Angalizo moja tu: uliza kama ni shaba tupu. Kuna nyaya zinazouzwa kwa bei ya kutupa, ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, zimeandikwa CCA. Zinakatika ukizikunja kwenye kona. Na kwa hewa yetu ya chumvi, usiache kichwa cha waya kikining'inia dirishani mwaka mzima halafu ushangae kutu.

MzeeWaBando

Haya yote kwa sababu ya waifai. Windows ingekuwa imeshashika.

MwalimuMuheza

Windows ipi, mzee wangu? Ya 10 Microsoft waliacha kuisasisha bure tarehe 14 Oktoba 2025, na ya 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa zilizo kwenye orodha yao. HP ya mtumba inaweza kupita, inaweza kukwama mlangoni. Ila kwenye moja una haki: kama dada ana programu ya kazi isiyokuwepo Linux, hilo ni jambo lingine. Kwa kuchapa, kopi na kujaza fomu kwenye kivinjari, sioni.

MzeeWaBando

Nimekusikia mwalimu. Bado nasema.

BintiNgamiani

Nimerudi. Jana usiku nilijaribu ya mwalimu nikakwama saa nzima: simu inachaji, laptopu haioni kitu, kile kitufe cha kushiriki intaneti kwa USB kwenye simu kimefifia hakibonyezeki. Nikasema basi, laptopu nayo ina jini. Leo asubuhi mdogo wangu kanipa waya wa simu yake, mara ikashika. Waya wangu ni wa kuchaji tu, ndani hauna nyuzi za data! Nimeutumia miaka miwili sikujua.

Kerneli 5.15 imeingia. Nimezima, nimewasha, na mitandao yote ya mtaa huu hii hapa. Nilipiga kelele mpaka mteja akauliza kuna nini.

Ila (samahani, kuna ila) inashika dakika kumi, kumi na tano, kisha inakata. Alama iko palepale, kurasa hazifunguki. Nikiizima waifai nikaiwasha inarudi.

MwalimuMuheza

Hongera kwa hatua. Hiyo ya kukatika ni ugonjwa unaojulikana wa kadi hizi kwenye HP: inasinzia kubana umeme, halafu haiamki vizuri. Inazuiwa sehemu mbili. Fanya moja kwanza, ujaribu nusu siku, ndipo ufanye ya pili. Ukifanya zote pamoja hutajua iliyokuponya.

Moja, inyime kadi kusinzia kwenye ubao:

`echo "options rtw88_pci disable_aspm=1" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtw88.conf`

Zima, washa. Ikiendelea, ya pili: fungua faili la `/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf` kwa sudo, penye `wifi.powersave = 3` weka 2, kisha washa mashine upya. Betri itakaa muda mfupi kidogo, lakini wewe umechomeka ukutani mchana kutwa.

FundiChuda

Na ukiwa hapohapo andika `nmcli device wifi list`. Ruta yako ikiwa inarusha GHz 5 na 2.4, utaona mistari miwili. Soma SIGNAL, yaani nguvu ya mawimbi, ya kila mmoja.

BintiNgamiani

Nimefanya ile ya kwanza tu. Tangu saa tatu asubuhi mpaka sasa saa kumi na moja jioni haijakatika hata mara moja!

SIGNAL: ile ya 5 ni 34, ya 2.4 ni 61. Laptopu ilikuwa inang'ang'ania ya 5.

FundiChuda

Kama nilivyosema, kuta. GHz 5 ina kasi lakini haipendi mawe. Ipe ruta majina mawili tofauti, moja kwa kila mawimbi, laptopu uiunganishe na ya 2.4. Chaneli chagua 1, 6 au 11, ile ambayo jirani hayupo.

BahariaChumbageni

Au waya.

PwaniPangani

😂 Baharia hachoki.

MwalimuMuheza

Hata mimi nipo naye, kwa baadaye. Na BintiNgamiani, usijisahau: Mint 20 yenyewe muda wake wa masasisho uliisha Aprili 2025. Kerneli imekutatulia waifai, haikukutatulia hilo, na wewe unafungua akaunti za watoto wa watu humo. Ukipata utulivu pakua Mint 22, iweke kwenye flashi, iwashe kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Ina kerneli 6.8 au mpya zaidi, kwa hiyo kadi yako inaijua. Jaribu waifai na printa hapohapo. Vikikubali, nakili mafaili yako pembeni ndipo uiweke. Hivyo yule mtu wako wa kwanza hakukosea sana, alikosea mpangilio tu.

BintiNgamiani

Nimekuelewa mwalimu. Maombi ya chuo yakipungua naweka Mint 22. Leo jioni nimepima kwa kamba kutoka kaunta hadi kwenye ruta, na kuzunguka mlango ni mita kumi na nne. Baharia, shaba tupu nitaitambuaje nikiwa dukani?

BahariaChumbageni

Omba wakukatie kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona nyeupe ndani, rudisha.

MzeeWaBando

FundiChuda, ile AX201 iliyo kwenye droo yako unaiuzaje?

FundiChuda

Mzee, mashine yako ni AMD.