Njia ya mbao kwenye kinamasi cha Naro Moru: ijengwe au iachwe?

Mleta mada

Njia ya Naro Moru ya Mlima Kenya ikishatoka kambi ya Met Station, mita 3,050, na kuuacha msitu nyuma, inaingia kwenye mteremko mrefu wa tope jeusi, mashungi ya nyasi na maji yanayotiririka chini ya nyayo, hadi ukingo wa bonde la Teleki. Wanaotaka pawekwe njia ya mbao wanasema hata wazee na wanafunzi wangepita bila kuzama hadi magotini. Wanaopinga wanasema mlima uachwe ulivyo.

Mimi nataka ijengwe, kwa vipande, na kinachonisukuma ni upana wa njia. Mtu akikuta tope hupita pembeni, na anayemfuata hupita pembeni zaidi. Huko pembeni kuna mashungi, na shungi hukua kutokea katikati yake. Likikanyagwa hapo mara kwa mara linakufa, linabaki kisiki cha mizizi. Usiku baridi ikishuka chini ya sifuri, sindano za barafu huota ndani ya udongo ulio wazi na kuzinyanyua chembe zake. Jua likitoka barafu inayeyuka, udongo unabaki umelegea kama unga, na mvua ya mchana inausomba. Kesho yake inarudi hivyo hivyo. Udongo wa mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana penye maji, hujijenga polepole mno, mara nyingi hauzidi milimita 1 kwa mwaka. Mfereji wa sentimita 20 ni karne mbili zilizopotea.

Karibuni wajuzi.

Fundi seremala

Chanzo umekieleza vizuri, ndugu. Sasa tupige hesabu. Chukua njia ya upana wa sentimita 90: mbao za kukanyaga zenye unene wa sentimita 4, boriti mbili za sentimita 5 kwa 15, na jozi ya nguzo za sentimita 10 kwa 10, urefu mita 1.5, kila baada ya mita 2. Kwa msaipresi uliokauka, hiyo ni kilo 30 hivi kwa kila mita ya njia. Kilomita moja ni tani 30. Mpagazi akibeba kilo 20, ni mizigo 1,500, na hatujagusa skrubu wala vifaa. Mizigo 1,500 ikipitishwa juu ya kinamasi kile kile tunachosema tunakilinda, tutakimaliza kabla njia haijafunguliwa. Kwa hiyo ujenzi uanzie chini, na kila kipande kipya kibebwe juu ya kile kilichokwisha fungwa.

Nguzo zipigwe zipite mboji mpaka zikite kwenye udongo mgumu. Nguzo ikiishia ndani ya mboji, upande mmoja unadidimia, njia inalala, na ubao uliolala ukiwa na maji humwangusha mtu haraka kuliko tope lenyewe. Pale ambapo mboji ni ndefu kuliko nguzo, laza ubao mpana chini uwe msingi, uzito usambae. Kimo kiwe sentimita 30 au zaidi ili maji na mwanga vipite. Kati ya mbao acha sentimita 1: ukiibana zaidi ya hapo tope linajaa na mbao haikauki, ukiiachia zaidi ncha ya mkongojo inanasa.

Tumieni skrubu zilizopakwa zinki. Mbao ya mahali kama pale hulowa na kukauka bila kukoma, na msumari hujichomoa wenyewe kidogo kidogo. Juu funga wavu wa kuku ili miguu isiteleze, kwa vibanio kila sentimita 15. Kibanio kikitoka, wavu unainuka na kumkwaza mtu, kwa hiyo wavu ulioachwa bila matunzo ni hatari kuliko kukosa wavu.

Halafu jambo ambalo wengi hawalitazami: nguzo haiozi chini kabisa, kwa sababu huko hakuna hewa. Inaoza pale inapotokea ardhini, maji yanapokutana na hewa. Mkaguzi achome kisu hapo. Kikiingia bila nguvu, nguzo imekwisha hata kama juu inang'aa.

Mtaalamu wa mimea

Fundi, umesema mengi ya kweli, ila mbao hiyo utaitia dawa gani? Mbao inayodumu kwenye unyevu kwa kawaida imelowekwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Maji ya mteremko ule yanaingia mto Naro Moru, kisha Ewaso Nyiro, na watu wanayanywa. Mtarakwa hauhitaji dawa, lakini hatuwezi kukata mti wa asili ili kuokoa nyasi. Mbao za plastiki iliyorejelezwa hazivujishi aseniki, ila uzito wake unakaribia mara mbili ya msaipresi, na moto ukipita zinayeyuka juu ya mboji. Moto si jambo la kufikirika huko. Nyika ya juu ya mlima huu iliungua 2012 na tena 2019.

Napinga njia ndefu ya mbao kwa sababu tatizo la kwanza ni maji. Pale palipo na mteremko mkali, njia yenyewe imekuwa mto. Ukiweka mbao juu ya mto, mto unaendelea kuchimba chini yake bila mtu kuuona. Anzeni kwa kukinga maji: mawe yapangwe kukata njia kwa mshazari, kila baada ya mita 5 hadi 10 kwenye mwinuko mkali, yayatoe maji pembeni penye majani. Yasitolewe penye udongo wazi, maana hapo mtazaa korongo jingine. Kisha wekeni ngazi za mawe pale mawe yapo. Mbao ibaki kwa sehemu tambarare tu, zenye maji yaliyosimama.

Na kwa wanaodhani kupita pembeni penye pakavu hakudhuru: kingo kavu ndiko inakoota Lobelia telekii. Mmea huo hutoa maua mara moja tu katika uhai wake, kisha unakufa. Ukiukanyaga ungali mdogo, mbegu zake zote zimekwenda.

Mchangiaji wa Kasese

Wakubwa, kwa kuwa milima ya Rwenzori huku Uganda hutajwa sana kama mfano wa njia za mbao, semeni pia tofauti. Kinamasi cha Bigo, kati ya kambi za John Matte na Bujuku, kimelala karibu tambarare, na ndiyo maana mbao zimefaa. Mteremko wa Naro Moru ungehitaji ngazi, na ngazi ya mbao yenye ukungu wa kijani ni mtihani kwa mpagazi mwenye mzigo mgongoni, hasa akishuka.

Jingine ni hili. Ubao mmoja ukivunjika na kuachwa bila kurekebishwa, watu hushuka pembeni na wengi hawarudi juu. Baada ya muda mnakuwa na njia mbili sambamba, ya mbao na ya tope. Mmelipa gharama ya ile ya kwanza na mmepata hasara ya zote mbili.

Mchangiaji wa Liège

Huku Ubelgiji tuna Hautes Fagnes, nyika ya mboji ambayo kilele chake, Botrange, ni mita 694 tu. Njia ya Poleûr, inayoanzia Mont Rigi, ina sehemu ndefu za mbao, na familia zinatembea na watoto bila shida. Lakini mbao ni nusu ya kazi. Hifadhi imegawanywa kwa herufi: A unatembea huru, B hutoki nje ya njia iliyowekwa alama, C lazima uwe na mwongozaji aliyeidhinishwa, D haiingiwi. Hatari ya moto ikipanda, bendera nyekundu zinainuliwa na maeneo yanafungwa. Hata hivyo mwaka 2011 ziliungua zaidi ya hekta 1,000.

Kwa hiyo nawauliza wa Mlima Kenya: mkishajenga, nani atasimama pale kumwambia mtu "rudi juu ya mbao"?

Mwongozaji wa mlima

Swali zuri, ndugu yangu wa Liège, na mimi naongeza la afya. Habari ya "safari nyepesi kwa wazee" inapotosha. Mzee akitoka Nairobi asubuhi kwa gari, saa nane mchana akawa mita 3,400, kichwa kinamgonga na pumzi inakata hata akitembea juu ya zulia. Mbao inaondoa tope, haiongezi hewa. Ubaya ni kwamba njia ikionekana rahisi, watu watapanda haraka mno na bila maandalizi. Alfajiri tena ubao huvaa barafu nyembamba isiyoonekana.

Kama lengo ni matembezi mepesi ya nyika, twendeni Aberdare. Barabara inafika juu kabisa kwenye nyika, tayari kuna ngazi na majukwaa ya mbao kwenye maporomoko ya Karuru, na mtu anaweza kukaa saa mbili akashuka siku hiyo hiyo. Nyati na tembo wapo, kwa hiyo lazima askari wa hifadhi aandamane na wageni. Kilomita moja ya mbao pale itahudumia shule nyingi kuliko kilomita tano Naro Moru, na lori linashusha mbao karibu na kazi.

Mleta mada

Mwongozaji, hoja ya wazee naiondoa. Aberdare ndiko panapowafaa. Kwa Naro Moru nabaki na hili: mawe ya kukinga maji yatangulie, yapite misimu yote miwili ya mvua, kisha mbao iwekwe tu pale ambapo tope bado linapanuka. Mtaalamu wa mimea, hapo utakubali?

Mtaalamu wa mimea

Nakubali kwa sharti moja, upana upimwe kabla. Pigeni vigingi pande zote mbili kila mita 50, pimeni ukingo wa majani hadi ukingo wa majani, mwezi wa tatu kabla ya masika na mwezi wa kwanza baada ya vuli. Bila vipimo hivyo kila upande utadai umeshinda.

Fundi seremala

Na mbao za akiba ziwe Met Station tangu siku ya kwanza, moja kwa kila kumi zilizofungwa, zikiwa zimekwisha katwa kwa kipimo na kutobolewa. Renja akikuta ubao umevunjika anabeba mmoja na bisibisi, hahitaji kusubiri bajeti ya mwaka ujao.