Insha ya Al-Inkishafi: naweza kuisoma kama historia ya Pate?

BintiMalindi
Asalaam aleikum wandugu. Niko mwaka wa pili hapa Malindi nasomea ualimu, Kiswahili na historia, na tumepewa asaimenti moja inayogusa masomo yote mawili: tuchambue shairi la Al-Inkishafi la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir tuonyeshe linatuambia nini kuhusu kuanguka kwa Pate, ule mji wa kisiwani karibu na Lamu. Sasa grupu letu limegawanyika. Wenzangu wanasema shairi ni ushahidi tosha, mtunzi ni mtu wa Pate mwenyewe, kwa hivyo tunukuu beti tuseme ndivyo ilivyokuwa basi. Mimi roho yangu inakataa manake nikilisoma sioni popote linapoeleza Pate ilianguka kwa sababu gani, linasema tu majumba yamekuwa mahame na watu wametoweka halafu linaelekea moto wa Jehannamu. Na sitaki insha ya kusimulia ubeti mmoja mmoja mpaka kurasa ziishe. Kuna mtu wa Lamu hapa anayeijua kazi hii anishike mkono, nianzie wapi?

mtu_wa_mkomani
Waaleikum salaam dada. Anzia kwenye ubeti wenyewe, tena mmoja tu, uukamue mpaka utoe maji. Mimi ningechukua huu:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni
bumu hukoroma kati nyumbani
zisiji na kotwe waikaliye

Kama hujawahi kuingia nyumba ya mawe ya zamani huku kwetu fanya hima uje, ile Swahili House ya makumbusho mjini Lamu iko wazi kwa wageni. Utaona ukuta wa ndani umejaa zidaka safu juu ya safu, vishimo vya chokaa vilivyochongwa kingo zake kwa mkono, vingine vidogo hata bakuli kubwa halipiti, na humo ndimo zilimokaa sahani za Kichina na vyombo vya thamani vya mwenye nyumba. Ukishaziona utajua mtunzi hakuokota picha hewani, alichagua kitu ambacho kila mtu wa mji alijua ni cha nyumba ya mwenye nacho.

Halafu tazama vitenzi. Kulala, kukoroma, kukaa. Hizo ni kazi za watu wa nyumba, usiku wao wote uko hapo, na zote wamepewa ndege. Wanaolala ni makinda, anayekoroma ni bumu, yaani bundi, na waliokaa ni ndege wengine tena. Nyumba haikubaki tupu, ina wakaaji wapya, na hapo ndipo panapouma kuliko angesema tu nyumba imebomoka. Hesabu na mizani uone kila mshororo unakwenda 6 kisha 5, vina vitatu vya kwanza ni -ni halafu wa nne unatua kwa -ye, na hiyo -ye inarudi kufunga beti tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiandika hayo kwa kurasa mbili tayari unachambua, husimulii.

mwl_historia
Nakubaliana na ndugu wa Mkomani ila kwa upande wa historia wenzako wa grupu wanakosea na uwaambie kwa upole. Shairi ni ushahidi wa kweli, lakini ushahidi wa nini? Ni ushahidi wa jinsi mtu msomi wa Pate, mwanzoni mwa karne ya 19, alivyouona mji wake na alichotaka watu wajifunze kwa kuutazama. Hilo linatosha kabisa kuandikia aya nzito. Ila kwa sababu za kuanguka itabidi utoke nje ya shairi. Kuna ugomvi wa kurithi kiti ndani ya Pate yenyewe, kuna Vita vya Shela vya mwaka 1812 hivi ambapo Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, walishindwa na watu wa Lamu, kisha Lamu wakamwomba Seyyid Said wa Oman awalinde, na ile ngome ya mjini Lamu ikamalizika 1821. Biashara na nguvu zikahamia upande huu wa maji.

Lakini na zile Habari za Pate, masimulizi ya watawala wa mji yaliyochapishwa na Stigand 1913, usizimeze nzima nzima. Zinasema Wanabahani, ukoo uliotawala Pate, walifika mwaka 600 wa Hijra, yaani karibu 1204, na wanahistoria wengi wanaitilia shaka tarehe hiyo. Nazo zilisimuliwa na watu waliokuwa na ukoo wa kuutetea.

Na jambo moja wanafunzi hulipita mbio: Siyu iko kisiwa hicho hicho cha Pate na iliendelea kukataa utawala wa Zanzibar mpaka 1863. Kwa hivyo ukisema "kisiwa chote kilikufa" utakuwa umedanganywa na uzuri wa beti. Mpaka leo Pate wanaishi watu, wanalima tumbaku katikati ya yale magofu.

UstadhLangoni
Mwanangu, nimesoma yote na yamenifurahisha, ila naona mnamkata mtunzi kichwa. Sayyid Abdallah hakukaa kuandika habari za mji, alikuwa anaukanya moyo wake. Moyo ndio anaosema nao, anauliza kwa nini hauzinduki, na Pate anaileta kama mfano wa karibu ambao moyo hauwezi kuukana manake hao waliotoweka ni jamaa zake, anawataja kwa majina, wako wapi akina fulani. Ndiyo sababu anamalizia na moto. Wewe umeandika "halafu linaelekea moto wa Jehannamu" kama kwamba amepotea njia, na mimi nakwambia huko ndiko alikokuwa akienda tangu alipoanza kwa jina la Mungu. Sisi tulisomewa shairi hili kama waadhi kabla hatujaambiwa ni fasihi. Insha isiyosema hivyo itakuwa na zidaka nyingi lakini haina mlango.

BintiMalindi
Shukran sana maalim, na nyote. Sasa naona njia. Nafikiria kufungua hivi: "Al-Inkishafi haielezi kwa nini Pate ilianguka, na haikukusudia kueleza, inautumia mji ulioanguka kuukanya moyo wa msemaji, na kwa kufanya hivyo inatuachia picha ya maisha ya matajiri wa Pate ambayo tarehe za vita haziwezi kutupa." Halafu ubeti wa madaka, halafu Shela na Siyu. Inakaa?

mwl_historia
Inakaa vizuri. Ila Shela na Siyu uzitenge, kila moja aya yake, manake Shela inaeleza anguko na Siyu inalipunguza, ukizibana pamoja msomaji hataona zinavutana. Na hiyo sentensi ya kwanza ni ndefu, ikate pale baada ya "kueleza".

UstadhLangoni
Na ubeti mmoja wa moto uuweke karibu na ule wa madaka, uzisome pamoja. Usiuache peke yake ukurasa wa mwisho.