Mbona mimi siumwi tumbo nikiwa kwenye siku zangu?

Mdadisi:
Jamani, wenzangu huuliza dawa ya tumbo la hedhi, mimi nauliza kwa nini sina hilo tumbo. Nina miaka 27, nilivunja ungo nikiwa na 13, na siku zangu huja kimyakimya. Mara nyingi najua nimeingia mwezini nikienda chooni tu. Mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, tunalala chumba kimoja: siku ya kwanza hujikunja kitandani, anatapika, anaharisha, chupa ya maji moto haimtoki tumboni. Nakiri, miaka yote nilisema anadeka. Sasa rafiki yangu kaniambia asiyeumwa mayai yake hayapevuki, hatashika mimba. Tangu hapo usingizi umenipaa. Mzunguko wangu ni siku 28 au 29, haurukiruki.

Muuguzi wa Zamu:
Lala dada. Maumivu si kipimo cha uzazi.

Mimba isipotunga, homoni ya projesteroni hushuka, na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ukianza kubomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo huukaza msuli wa mfuko usukume damu nje. Zikizidi, msuli hubana hadi mishipa yake yenyewe haipitishi damu ya kutosha, unakosa oksijeni, ndipo tumbo linanyonga. Damu ya hedhi ya wanaoumwa sana ikipimwa hukutwa na prostaglandini nyingi kuliko ya wasioumwa. Mfuko wako nao unakaza, ila husikii. Kemikali hizo hizo zikigusa utumbo, mtu anaharisha. Mdogo wako hadeki.

(Jina lenyewe la prostaglandini lina kichekesho. Msweden Ulf von Euler alizipa jina hilo mwaka 1935 akidhani zinatoka kwenye tezi dume, ambayo kwa Kiingereza ni "prostate"!)

Rafiki yako hakubuni yote. Mzunguko usio na yai mara nyingi hauumi, kwa sababu projesteroni haikupanda, kwa hiyo haina pa kushukia. Ndiyo maana wasichana wengi hawaumwi miezi ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, maumivu huja baadaye. Lakini mzunguko wa namna hiyo huyumba, mara siku 24, mara 50. Wako umetulia miaka yote, hiyo ni dalili nzuri.

Mama Wawili:
Mimi niliumwa mpaka nilipojifungua wa kwanza, chango likakata. Nilidhani ndiyo dawa, nikamwambia kila mtu. Dada yangu ana watatu na bado analia kila mwezi, tangu siku hiyo nimenyamaza.

Mdadisi:
Asanteni, roho imetulia. Ila mmenifanya nimfikirie huyu mdogo wangu. Yeye humeza parasetamoli akishazidiwa, na haimsaidii. Na mwaka huu maumivu yanaanza siku tatu kabla ya damu, akienda haja kubwa ndiyo usiseme.

Muuguzi wa Zamu:
Hapo umenishtua. Kuhusu dawa, ibuprofeni huzuia prostaglandini zisitengenezwe, kwa hiyo humezwa mapema, damu inapoanza au dalili ya kwanza tu, baada ya kula. Ukisubiri kulia, zimeshatengenezwa. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au pumu aulize kwanza.

Lakini maumivu yanayotangulia damu kwa siku kadhaa, yanayoongezeka mwaka hadi mwaka, na yanayochoma wakati wa haja kubwa, usiyafunike kwa vidonge. Huenda ni endometriosisi, yaani tishu inayofanana na ule ukuta wa ndani imeota nje ya mfuko wa uzazi. Mwanamke mmoja kati ya kumi hivi wa umri wa kuzaa anayo. Huenda pia ni uvimbe kwenye kizazi. Aende kwa daktari wa wanawake, ayaeleze haya yote, hata la choo. Na wakimpiga ultrasaundi ikatoka safi, asikubali kuambiwa hana kitu, kwa sababu endometriosisi nyingi hazionekani kwenye picha hiyo.

Mdadisi:
Nimempa simu asome mwenyewe. Kasoma mpaka mwisho, kanirudishia, kasema, "Miaka tisa unaniambia nadeka." Sikuwa na jibu. Jumatatu tunakwenda wote.