Naomba ushauri: "sabuni" ya bakteria wa mtindi inanichanganya

Habari za jioni wakuu. Napima kama bakteria wa Lactobacillus niliowatenga kutoka kwenye mtindi wanatengeneza bayosafaktanti, yaani ile sabuni ya asili inayopunguza mvutano wa uso wa maji.

Nimewaotesha kwenye mchuzi wa MRS (chakula cha majimaji cha kuoteshea bakteria hawa) saa 24 kwa nyuzi 37, nikazungusha kwenye sentrifuji ili seli zitue chini, kisha nikadondosha maji ya juu kwenye sahani ya maji yenye utando wa oili chafu. Duara safi likafunguka, dalili kwamba sabuni ipo, nikafurahi. Kumbe mchuzi mtupu, usio na bakteria hata mmoja, nao unafungua duara karibu lilelile! Nahisi mchawi ni Tween 80 iliyomo kwenye MRS, maana yenyewe ni safaktanti (sabuni) ya kiwandani. Nimejaribu kuiondoa, bakteria wakaota kwa kusuasua.

Najua bayosafaktanti nyingi za Lactobacillus hubaki zimeshikamana na ukuta wa seli. Je, nikiosha seli mara mbili, halafu nikazikoroga taratibu kwenye bafa ya fosfeti (myeyusho unaotunza pH) kwa saa 2 ili sabuni iachie ukuta, Tween itakuwa imeondoka ya kutosha? Na kontroli (sampuli ya kulinganishia) iwe bafa tupu, au maji ya mwisho ya kuoshea?