Kwa nini Wabelgiji walimwogopa mhubiri asiye na silaha?

Mkaaji wa Katuba, Lubumbashi:
Ndugu zangu, Simon Kimbangu alihubiri Nkamba, Kongo ya Chini, kwa miezi michache tu ya mwaka 1921, akafariki tarehe 12 Oktoba 1951 akiwa bado mfungwa katika mji wetu huu, ambao wakati huo uliitwa Elisabethville. Hakuwa na chama wala jeshi. Je, vuguvugu la namna hiyo lilichangia kweli kuijenga Kongo kuwa taifa, au ni sisi wa leo tunaolipaka rangi ya siasa kwa sababu tunajua kwamba uhuru ulikuja mwaka 1960?

Mwalimu Mstaafu, Kamalondo:
Lilichangia, ndugu, ila kwa sehemu kubwa ni serikali ya kikoloni yenyewe iliyolisaidia. Watu walipoacha kazi na kukimbilia Nkamba kutafuta uponyaji, waajiri na wamisionari walilalamika, na mahakama ya kijeshi ikamhukumu Kimbangu kifo, kabla Mfalme Albert wa Kwanza hajaibadilisha adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Kisha wafuasi wake wengi walihamishwa kwa nguvu, mara nyingine pamoja na familia zao, wakapelekwa mikoa ya mbali. Wabelgiji walidhani kwamba kuni zikitawanywa moto utazimika. Kumbe walikuwa wakiwakutanisha waumini wa magharibi na watu ambao wasingewajua kamwe, tena kwa gharama ya serikali! Kitawala, vuguvugu jingine la kidini, nayo ilienea hivyo hivyo. Mafundisho yake, yenye asili ya Watch Tower, yaani Mashahidi wa Yehova, yaliingia Katanga kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Wahubiri waliofukuzwa huku wakayafikisha mashariki, na mwaka 1944 uasi ukazuka Masisi na Lubutu chini ya Bushiri Lungundu, wakati wananchi walikuwa wamechoshwa na kazi za lazima za vita.

Mama Msomaji, Bukavu:
Kwa heshima yako, Mwalimu, umeruka hatua. Waumini waliotawanyika bado si taifa. Ghasia za Léopoldville (Kinshasa ya leo) za tarehe 4 Januari 1959 zilianza baada ya mkutano wa ABAKO, chama cha siasa cha Wakongo, kuzuiwa, wala hazikutokana na ibada yoyote. Tena tazama yaliyofuata: Kanisa la Kimbangu lilitambuliwa rasmi tarehe 24 Desemba mwaka huo huo, na sheria ya Rais Mobutu ya tarehe 31 Desemba 1971 ikaliweka miongoni mwa makanisa matatu tu yaliyoruhusiwa, pamoja na Katoliki na lile la Waprotestanti waliounganishwa. Aliyeteswa jana akawa mshirika wa utawala. Kanisa Katoliki, ambalo wakoloni walilipendelea, ndilo lililogombana na Mobutu juu ya majina ya ubatizo na shule, na Wakristo waliandamana Kinshasa tarehe 16 Februari 1992, wakapigwa risasi, kwa kudai Kongamano Kuu la Kitaifa, lililojadili mageuzi ya kisiasa, lifunguliwe tena.

Mkaaji wa Katuba:
Asante, Mama. Na Kitawala, kwa nini haikuingia katika orodha hiyo?

Mwalimu Mstaafu:
Hoja ya ABAKO naikubali, Mama, japo wengi waliojaa katika mikutano yake walikuwa wamelelewa na kumbukumbu ya Kimbangu. Kuhusu Kitawala, ndugu, wafuasi wake wengi hawakutaka kutambuliwa: walikataa kodi na amri za serikali, iwe ya Wabelgiji au ya Waafrika wenzao, na baadhi yao wakahamia misituni ili wasifikiwe na utawala wowote.