Namna ya kuchora grafu ya masuala yaliyo wazi ya mradi ulioko GitHub

Swali

Habari zenu wakuu. Ninajenga programu ndogo ya wavuti itakayoonyesha, siku kwa siku, ni masuala mangapi (issues, yaani taarifa za kasoro na maombi ya maboresho) yalikuwa wazi, yaani hayajafungwa, katika mradi mmoja wa programu huria ulioko GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo. Kwa sasa kivinjari cha mtumiaji huomba data moja kwa moja kutoka API ya GitHub (njia ambayo programu huombea data), kisha Chart.js, maktaba ya kuchorea grafu, huchora mstari. Idadi ninayoipata inazidi ile inayoonekana kwenye ukurasa wa masuala wa mradi wenyewe, na ukurasa wangu ukifunguliwa mara chache tu API hukataa kujibu. Je, nirekebishe hesabu tu, au muundo mzima haufai? Nataka grafu ambayo watunzaji wa mradi wataweza kuitegemea wanapopanga kazi.

Jibu la 1

Ndugu, idadi inazidi kwa sababu API ya REST ya GitHub huhesabu kila ombi la kuunganisha msimbo (pull request) kuwa nalo ni suala, na huyarudisha yote katika orodha moja. Kila ingizo lenye sehemu iitwayo `pull_request` liondoe kabla ya kuhesabu.

Kukataliwa kunatokana na kikomo cha matumizi. Asiyejitambulisha huruhusiwa maombi 60 kwa saa kwa kila anwani ya IP, ilhali mtumiaji mwenye tokeni (ufunguo wa siri wa kujitambulisha) huruhusiwa 5,000. Jibu moja hubeba maingizo 30 usipotaja idadi, na hayavuki 100 hata ukitaja, kwa hiyo mradi wenye maingizo 8,000 unadai maombi 80, na mgeni wako atafikia kikomo kabla hajaona mstari wowote. Tafadhali usiiweke tokeni ndani ya msimbo wa kivinjari, maana yeyote anayefungua ukurasa ataweza kuisoma.

Jibu la 2

Naunga mkono, na ndiyo maana nasema muundo wenyewe ubadilike. Seva yako ivute data yote mara moja kwa `state=all` (usipotaja hivyo utapewa yaliyo wazi leo peke yake), iihifadhi katika hifadhidata ya SQLite, kisha kila baada ya muda iombe yaliyobadilika tu kwa kutumia `since`. Kivinjari kipokee jumla za kila siku zilizokwisha kuhesabiwa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni historia. Wengi huongeza moja kwenye tarehe ya `created_at` (kufunguliwa) na kupunguza moja kwenye `closed_at` (kufungwa), lakini suala likifunguliwa upya tarehe ya kufungwa hufutwa, na grafu huonyesha kana kwamba halikuwahi kufungwa hata siku moja. Likifungwa tena, hubaki tarehe ya mwisho pekee. Anayetaka ukweli wa siku zilizopita hana budi kusoma matukio ya kila suala, yaani `closed` na `reopened`, na kujenga mstari kutokana na hayo.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Nitahamishia kazi kwenye seva na kuhifadhi matukio. Je, siku igawanywe kwa saa za wapi?

Jibu la 2

GitHub hutoa nyakati kwa UTC (saa za kimataifa). Suala lililofungwa saa saba usiku Nairobi huandikwa saa 22:00 ya siku iliyotangulia. Hifadhi kwa UTC, na uandike chini ya grafu kwamba siku zimehesabiwa hivyo.

Jibu la 3

Naomba kuongeza kwamba mstari mmoja hauwatoshi watunzaji. Mradi unaweza kubaki na masuala 300 mwaka mzima kwa sababu mapya hufungwa haraka huku ya zamani yakiachwa, kwa hiyo chora pia umri wa kati (median) wa yaliyo wazi. Vilevile miradi mingi hutumia roboti inayofunga masuala yaliyokaa kimya, na mstari ukishuka ghafla si lazima kuwa kasoro zimerekebishwa. Soma `state_reason` (sababu ya kufungwa): yaliyo `completed` (yaliyokamilishwa) yape rangi moja na yaliyo `not_planned` (yasiyopangwa kufanyiwa kazi) rangi nyingine.